Migomba kwenye Udongo wa Kuazima

Tarehe kumi na tisa mwezi wa pili nilimpoteza mume wangu, Murhula. Tulimzika katika makaburi ya mji, upande wa chini ambako udongo unateleza, kati ya watu tusiowajua. Kwetu milimani mwanaume analazwa nyumbani kwake, ndani ya migomba aliyoipanda yeye au aliyoachiwa na baba yake, na asiyekuwa na migomba husemwa kwa sauti ya chini hata kama alikuwa mtu mwema. Murhula alikuwa mtu mwema. Maisha yake yote alipanda. Alipanda maua, kabichi, miti ya avoka, hata migomba, katika viwanja vya watu wenye nyumba kubwa kando ya ziwa, na jioni alirudi kwenye vyumba vyetu vya kupanga huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, akiwa na udongo wa wengine chini ya kucha. Yeye mwenyewe hakuwa na pahali pa kusimika hata mti mmoja. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya pili ya matanga alikuja Bisimwa, ambaye tulisoma naye. Alikuwa ameshuka kutoka mlimani kwa miguu, mzee sasa, meno ya mbele hayapo, na mjukuu wake alikuwa amembebea kidumu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Alikaa pembeni ya mkeka wangu, akasema bila kunitazama:

"Maman Nsimire, nilikuwa nakumbuka ile ngombe."

"Ngombe gani?"

"Ile yenye ilishukaka kwa muzee Kahasha."

Nilicheka. Wanawake waliokuwa wamekaa nami wakanitazama vibaya, maana mjane hacheki siku ya pili. Bisimwa naye alicheka kidogo, akaona aibu, akafunika mdomo kwa kofia. Hatukusema zaidi. Lakini tangu siku ile ng'ombe yule hanitoki kichwani, na kwa kuwa sasa nyumba iko kimya, nimeona niandike habari za mwaka ule mmoja. Mambo ya wazazi na ya utoto nayaacha. Sikusoma sana, kwa hiyo nitasema tu nilichokiona na nilichokisikia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya Zaïre, wakati tulipokatazwa majina ya ubatizo na kila mtu akawa citoyen, yaani raia. Shule yetu ilikuwa changa, kwenye kilima cha Kabare, pahali unapoona ziwa asubuhi kama ukungu umeondoka, na paa za Bukavu zikiwa zimejipanga kwenye ulimi wa nchi. Zamani pale palikuwa shamba la mkoloni aliyelima kinkina, mti ule ambao magome yake hutengenezwa dawa ya malaria. Mkoloni alikuwa amekwenda. Jumba alilokuwa akikaushia magome ndilo lililokuwa bwalo letu la kulia, na sisi wasichana wachache tulilala kwenye chumba cha mwisho cha jumba lilelile, nyuma ya ukuta wa mbao. Vumbi la magome lilikuwa limeingia katika mbao na halikutoka hata tulipoosha. Ukila bugali, mdomo unakuwa mchungu. Ukinywa maji, uchungu. Maman Cibalonza, mpishi wetu, alisema ni vizuri hivyo, kwamba tunakunywa dawa bila kulipa. Hata leo nikipata homa na kuweka kidonge kwenye ulimi, naona mbele yangu zile meza ndefu, maharage yenye ndagala wachache, wale samaki wadogo wa ziwani, na wavulana wakisukumana kwa viwiko ili wakae karibu na sufuria.

Mkurugenzi aliitwa Lukogo. Alikuwa Murega, kutoka msituni upande wa Shabunda, mtu mfupi mwenye mikono mipana, na hakutaka tumuite citoyen directeur isipokuwa siku za wageni. Siku nyingine alikuwa papa Lukogo. Hakupenda ubao. Alikuwa akisema, "Ubao haiotake kitu," kisha anatutoa nje. Alituweka mbele ya shimo la mbolea, akatuambia tuingize mkono mpaka kwenye kiwiko, tusikie joto, na aliyeutoa haraka alirudia. Alitufundisha kunusa udongo, kulaza majani kwenye shamba ili mvua isiuchukue, kuchimba mitaro ya kukata mteremko. Aliuliza swali huku akilima, na ulitakiwa kujibu huku ukilima. Wavulana walimwogopa kidogo na walimpenda sana. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima mwenye viatu akishika mavi ya ng'ombe kwa furaha namna ile.

Kuna siku alituita wasichana zizini akatuambia tukamue. Kwetu, mwanamke hakamui ng'ombe. Anaosha kibuyu, anasafisha zizi, anakunywa maziwa akipewa, lakini chuchu haigusi. Maman Cibalonza alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Papa Lukogo, mwanamuke hakamulake ngombe. Itakauka."

"Kwetu hakuna ngombe, maman. Sijue kama itakauka. Tuone."

"Ikikauka utakunywa nini mu chai yako?"

"Kinkina," akasema, na wavulana wakacheka mpaka ng'ombe akashtuka.

Nilikamua. Maziwa mengi yalinimwagikia kwenye kitambaa. Aliyeninong'oneza namna ya kufunga kidole gumba alikuwa Murhula, aliyemshika ng'ombe kwa pembe. Hivyo ndivyo tulivyoanza kusemezana. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kumaliza chakula chake haraka kisha kukaa akiangalia wengine wakila, si kwa njaa, ila kama mtu anayetaka kujua wengine wanafanyaje. Ng'ombe hakukauka. Maman Cibalonza alisema bado, ngoja.

Habari ya udongo lazima niieleze, maana mtu wa mbali hataelewa. Kwetu kuna njia mbili za kupata shamba kwa mwenye udongo. Ya kwanza ni kalinzi. Unampelekea ng'ombe, anamkubali, mnakunywa pombe mbele ya watu, na toka siku ile shamba ni lako na la watoto wako. Ya pili ni bwasa. Unaomba shamba kwa msimu tu, unaleta pombe na kitu kidogo cha mavuno, na unapanda kile kinachoiva na kwisha: maharage, viazi, mtama. Mgomba hupandi. Mgomba hauna mwisho; ukikatwa huota mtoto, na mtoto huota mtoto. Ukipanda mgomba kwenye udongo wa bwasa umesema kwa mkono wako kwamba udongo ni wako, na mwenyewe ana haki ya kukufukuza kama mwizi. Jambo hili mtoto wa kwetu analijua kabla ya kujua kuhesabu.

Baba yake Murhula alikaa maisha yake kwenye bwasa. Alipokufa, mwenye udongo aliwapa mama na watoto muda wa kuvuna maharage. Murhula alinieleza habari hiyo mara moja tu, tulipokuwa tukipalilia kabichi, na hakuinua kichwa. Alisema, "Sisi tuliondoka na mulango. Papa alikuwa ametengeneza mulango muzuri, tukaubeba." Alipofika shuleni hakuja kutafuta cheti kama wengine. Alikuja kwa sababu ya neno la papa Lukogo.

Neno lilikuwa hili. Chini ya majengo kulikuwa na mteremko mrefu unaoshuka mpaka kwenye kijito, shamba zuri, jeusi, ambalo shule ililima maharage. Papa Lukogo alitaka kulifanya bustani ya migomba ya mfano, mistari ikifuata mitaro, udongo umefunikwa majani. Na kila kijana asiye na kwao atakayemaliza masomo, alisema, atapewa mstari wake na pahali pa nyumba pembeni yake. Kijiji cha vijana wakulima. Alisema hivyo bwaloni, amesimama juu ya benchi, na vumbi la kinkina linashuka kutoka darini. "Weye utapanda mugomba yako mwaka huu, na wakati utaoa, mugomba itakuwa inakungoja." Nilimtazama Murhula. Alikuwa ameacha kutafuna.

Jioni ile tulikutana kwenye bomba. Aliniuliza kama baba yangu ni mtu mkali. Nikamwambia ni mkali. Akauliza, akiwa na mstari wa migomba na nyumba ya mbao, hata kama ni ndogo, je, baba yangu atamsikiliza? Nilisema labda. Hiyo ndiyo iliyokuwa posa yangu, na sikupata nyingine. Wakati huo niliona inatosha.

Lakini wavulana wa kwetu hawakuwa wajinga. Walijua mteremko ule ni wa ukoo wa muzee Kahasha, na kila mmoja alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kama shule ilikuwa imetoa ng'ombe. Hakuna aliyeuliza. Kwetu mtu haulizi mkubwa wake alitoa nini kwa ajili ya udongo. Ni kama kumuuliza alimlipia mke wake nini. Mambo ya namna hiyo unayaona, huyaulizi. Kisha tukayaona. Mwisho wa kiangazi, tukiwa tunageuza mbolea, mchungaji wa ng'ombe wa shule alipita na mtamba wetu mwekundu, ambaye alikuwa hajazaa bado. Amemfunga kamba mpya. Nyuma yao papa Lukogo mwenyewe, amevaa abakosi yake, koti lile lisilovaliwa tai, iliyopigwa pasi, na kibuyu cha kasiksi begani. Walishuka kwa njia ya kijito mpaka kwa Kahasha. Jioni papa Lukogo alirudi akiwa amechangamka. Kamba hakurudi nayo.

Jembe la Bisimwa lilisimama hewani. "Njo ile," akasema. "Kalinzi."

"Na ngombe yenye haiyazaa," mwingine akasema. "Huyu Murega anajua heshima."

Murhula aliendelea kugeuza mbolea, lakini alifanya kazi ya watu wawili. Jikoni nilimsikia maman Cibalonza akimwambia mchungaji kwamba sasa shule imekuwa na kwao, na mchungaji, ambaye alikuwa mtu wa Luberizi, wa bonde la mpunga, akajibu tu "ndiyo, maman," kwa sababu alikuwa anataka nyama iliyobaki. Nimewaza sana juu ya ile "ndiyo, maman." Yeye alijua kwa nini ng'ombe ameshushwa. Lakini hakujua sisi tulidhani nini, na hakukuwa na sababu ya yeye kujua.

Mvua ziliponyesha tulipanda. Nimeishi siku nyingi baada ya zile, na kati ya hizo chache tu zilikuwa nzuri namna ile. Wavulana walichimba mashimo, sisi tulileta mbolea kwenye vikapu, kila mmoja akachagua vichipukizi vyake kwa jicho la mtu anayechagua mchumba. Kulikuwa na mabishano juu ya migomba ya pombe na ya kupika. Bisimwa alisema mwenye kupanda ya kupika tu ni mchoyo, hataki wageni. Murhula alipanda mchanganyiko. Kila mmoja alisimika kwa mkono wake, akakanyaga udongo kwa kisigino kuzunguka shina, na papa Lukogo alipita nyuma akikanyaga tena. Mchana maman Cibalonza alituletea viazi shambani, tukala tumesimama, mvua ikituingia shingoni, na kwa mara ya kwanza chakula hakikuwa kichungu. Kule chini, kwa Kahasha, vijana wake wawili walisimama kando ya kijito wakitutazama. Muzee mwenyewe hakuwepo. Alikuwa hospitalini Katana kwa ajili ya mguu, na alikaa huko mpaka mguu ulipopona. Wana wake walitazama, hawakusema neno, maana mwana hasemi juu ya udongo wakati baba yuko hai. Tuliwapungia mkono. Mmoja alitupungia pia.

Migomba ilishika. Kwenye sikukuu ya Noeli, ambayo mwaka ule ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine, majani yalikuwa yameanza kugusana katika mstari wa Murhula, na yeye kila asubuhi, kabla ya kunawa, alishuka kuyaangalia. Karibu na siku hizo ng'ombe alirudi.

Tulikuwa mezani. Mlango wa bwalo ulikuwa wazi, na tukamwona mchungaji akipita uani na mtamba mwekundu, kamba ileile shingoni, tumbo limeanza kuonekana. Vijiko vilisimama. Ng'ombe wa kalinzi harudi. Akirudi, ni kwamba amekataliwa, na aliyekataliwa ng'ombe amekataliwa udongo. Bisimwa alisema polepole, "Amemurudishia," na mwingine akasema, "Kisha batu yetu ya shule bamenyamaza tu?" Murhula aliinuka. Alikwenda kwenye ofisi ya papa Lukogo, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na zamu ya kuosha sahani na dirisha la ofisi lilitazama pahali pa kuoshea, nilisikia yote.

"Papa, ngombe imerudi."

"Ndiyo. Iko na mimba. Dume ya muzee Kahasha iko nguvu."

"Ilienda kwa dume?"

"Ilienda wapi tena? Shule haina dume."

"Na udongo, papa? Udongo tulitoa nini?"

"Kila mwaka napelekeaka muzee kasiksi. Na maharage wakati wa mavuno. Tunakunywa pamoja, tunaelewana. Muzee ni rafiki."

Nilisikia kiti kikiburuzwa. Nadhani Murhula alikaa bila kuambiwa. Alimweleza. Alieleza taratibu, kama mtoto anavyoeleza mkubwa jambo la kufiwa, kwamba pombe na maharage ni bwasa, na bwasa haipandwi mgomba. Papa Lukogo alikuwa anasema "kumbe," na tena "kumbe." Mwishowe akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mkurugenzi, "Na nyinyi wote mulijua?"

"Tuliona ngombe," Murhula akasema.

Watu huniuliza, nikisimulia, nani alikosa. Sijui. Papa Lukogo alitoka pahali ambapo msitu ni wa ukoo na mtu anapanda panapomfaa. Kwake pombe ilikuwa urafiki, na ng'ombe alikuwa ng'ombe. Sisi tulikuwa watoto wa kwetu mno. Tuliona kamba mpya, tukaona kibuyu, tukasoma yote kama tulivyofundishwa nyumbani, na tulisoma vibaya. Kama tungekuwa wajinga wa desturi, mmoja angeuliza.

Muzee Kahasha alirudi kutoka Katana baada ya mwaka mpya. Hakuja na hasira. Alikuja na wana wake wawili, akitembelea fimbo, akapita katikati ya migomba polepole, akigusa majani. Papa Lukogo alimletea kiti. Muzee alikataa kukaa.

"Imeshika muzuri," akasema. "Nani alibafundisha kupanda hivi?"

"Mimi, muzee."

"Umebafundisha muzuri. Sasa, niko nakufukuza ao uko unanifukuza? Maana batu wawili hawapandake mugomba pahali pamoja."

Papa Lukogo aliomba msamaha. Alisema hakujua. Muzee alimsikiliza, kisha akasema jambo ambalo lilitupa uzima kwa majuma kadhaa: kwamba hana ugomvi, kwamba vijana ni watoto wa watu, na kama shule italeta ng'ombe, hata yule mwekundu mwenye mimba, watakunywa na mambo yataisha. "Mulete ngombe mbele ya batu. Basi." Mkono wa Murhula ulishika wangu nyuma ya mgongo wa Bisimwa, kati ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Lakini ng'ombe hakuwa wa papa Lukogo. Alikuwa mali ya shule, na mali ya shule ilikuwa na wakubwa wake mjini. Papa Lukogo alishuka Bukavu kuomba ruhusa. Alirudi siku iliyofuata, amelowa, viatu mkononi, akapita bwaloni bila kutusalimu. Maman Cibalonza alimpelekea chai, na aliporudi jikoni alituambia alichoambiwa. Wakubwa walikuwa wamecheka. Walisema sasa udongo wote wa nchi ni wa Serikali, sheria imetoka, Serikali haiwezi kumlipa mtu wa kijijini ng'ombe kwa udongo wake yenyewe. Aendelee kulima. Muzee akisumbua, aitwe askari.

"Na papa Lukogo alisema nini?" Bisimwa akauliza.

"Alisema askari hatamuita. Alisema atamuangalia na macho gani yule muzee?"

Mimi leo bado sijui kama alifanya vizuri. Angeita askari, pengine mistari ile ingebaki, na nyumba, na sisi. Pengine tungeishi kwenye kilima ambako hakuna jirani ambaye angetugawia moto wala kutuita kwenye kilio. Murhula, kila tulipolizungumza miaka ya baadaye kwenye vile vyumba vya Kadutu, mvua ikipiga bati, alisema papa Lukogo alikuwa na haki. Alisema hivyo mpaka mwisho. Lakini alisema akitazama pembeni.

Baraza la chifu lilikaa mara moja tu. Halikuwa refu, maana hapakuwa na la kubishana. Shule ingevuna maharage yaliyokuwa kati ya mistari, kisha waliopanda migomba wangeing'oa kwa mikono yao wenyewe kabla ya kiangazi. Sharti hilo la mwisho ni la desturi: mwenye udongo asiguse mti wa mwingine, asije akasemwa kwamba ameharibu. Basi tulisubiri maharage yaive. Sijui kama kuna mtu aliwahi kutamani maharage yachelewe kuiva. Yaliiva kama kawaida. Na migomba, ambayo haikujua kitu, ilikua mpaka ikatupita vichwa, na watoto wake walianza kutokeza kwenye mashina.

Siku ya kung'oa papa Lukogo alishuka nasi, amevaa nguo za kazi, akachukua jembe. Hatukuimba. Mgomba ni rahisi kukata lakini ni mgumu kung'oa. Lazima uchimbe kuzunguka, ukate mizizi, uusukume na bega, na unapoanguka maji yake yanakurukia na kuacha doa jeusi lisilofulika. Bisimwa alijaribu mzaha. Alimwambia Murhula, "Zako ziko na kichwa nguvu kama weye." Murhula alijibu, "Nilikanyaga sana." Muzee Kahasha alikaa ng'ambo ya kijito akitutazama, na mchana aliwatuma wana wake watuletee kasiksi. Papa Lukogo alipokea, akanywa wa kwanza, kama inavyotakiwa. Nguo yangu ya siku ile ilibaki na madoa, nikaivaa hivyo mpaka ikachakaa.

Wavulana waliokuwa na kwao walichukua vichipukizi kupeleka nyumbani. Bisimwa alijaza mzigo mzima. Bustani aliyonayo leo, wana wake wanajenga ndani yake, ilianza na mzigo ule. Murhula alivigawa vyake vyote kwa yeyote aliyetaka, bila kuchagua. Cha mwisho, cha mgomba wa kupika, alikiosha kwenye kijito, akakifunga kwa jani, akanipa mimi. Shule ilikuwa inafunga siku ile. Haikufunguliwa tena na papa Lukogo. Alihamishwa, na hatukupata habari zake.

"Peleka kwenu," Murhula akasema. "Umuambie papa yako ni mimi nimetuma. Apande pembeni, pahali popote. Hata kama ni nyuma ya zizi."

"Nimuambie ni ya nini?"

"Atajua."

Nilipanda mlima nikiwa nimekibeba kichwani. Kwetu si mbali, lakini nilitembea polepole. Baba alikuwa uani ananoa panga, na mama alikuwa ndani akiwasha moto. Nilimsalimia kwa magoti, nikaweka kile kichipukizi mbele yake na kumwambia maneno niliyotumwa. Alifungua jani, akakigeuza. Alikuwa mtu anayejua migomba.

"Ni muzuri," akasema. "Huyu kijana iko na bustani ya papa yake wapi?"

"Hana, papa."

"Na ile ya shule?"

"Tumeing'oa leo."

Aliendelea kukigeuza. Hakukasirika, na hilo ndilo nililolikumbuka zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alisema taratibu, kama mtu anayemwonea mwingine huruma, kwamba mwanaume akituma mgomba wake ukapandwa nyumbani kwetu, kesho atakuja kuuangalia, kesho kutwa atakaa kivulini kwake, na watoto wake watasema ni wa baba yao. "Sina udongo ya kugawa, Nsimire. Uko na bakaka yako."

Alikiweka juu ya kigogo, akakikatakata kwa lile panga, vipande vidogo vya kutosha mdomo, akavibeba mpaka zizini na kumwekea ng'ombe. Ng'ombe alinusa, akala vyote, akalamba mbao. Kisha baba aliniambia maji yamekwisha nyumbani. Nikachukua mtungi, nikashuka kisimani.